Ukimpa jembe, mpe na mdomo

Mwanzoni mwa Februari 2001 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba watu wanne, wote wakijulikana sana, hawakuwa raia wa nchi hii. Timothy Bandora alikuwa balozi wetu Nigeria. Anatoli Amani alikuwa kiongozi wa CCM mkoani Kagera. Mouldine Castico alikuwa kwenye uenezi wa chama hichohicho kule Zanzibar. Wa nne alikuwa mwandishi wa habari, Jenerali Ulimwengu. Ukiiangalia orodha hiyo unaweza kucheka kidogo kabla hujasikitika. Nchi ilikuwa imepeleka mgeni kuiwakilisha ugenini, chama kimempa mgeni kazi ya kukisemea, na hakuna aliyestuka mpaka siku hiyo.

Yaliyowakuta wale watatu ni mazito, lakini leo nataka kukaa na huyo wa nne. Kwake yeye swali linatoka kwenye makaratasi na kuingia kwenye maadili: nani ana haki ya kuisema nchi? Je, ni lazima mtu awe wa hapa, kwa damu na kwa cheti, ndipo maneno yake yasikilizwe? Na hata kabla ya hapo, hili neno "wa hapa" lina maana gani?

Kwa vijana ambao wanamfahamu kwa jina tu, Jenerali ni jina lake, si cheo cha jeshi. Alizaliwa mwaka 1948, ni mtu wa Kagera, na alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akaingia kwenye uandishi, kisha akaenda Algiers kufanya kazi katika umoja wa vijana wa Afrika, miaka ile ambayo harakati za ukombozi wa kusini zilikuwa kazi ya kila mtu mwenye akili timamu. Aliporudi akawa mkuu wa wilaya, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akawa mbunge. Mwaka 1993 yeye na wenzake walianzisha gazeti la *Rai*, na kampuni yao ya Habari Corporation ikazaa mengine: *Mtanzania*, *Dimba*, *The African*. Safu yake, "Rai ya Jenerali", watu walikuwa wanaanza nayo kabla ya ukurasa wa kwanza. Baadaye ikahamia *Raia Mwema*, huku kwa Kiingereza akiandika kwenye *The EastAfrican*. Kwenye televisheni alikuwa na kipindi chake Channel Ten, "Jenerali on Monday". Anakaa na mgeni, anauliza, anasubiri jibu, halafu anauliza tena lilelile kwa njia nyingine. Kumbuka pia kwamba televisheni Bara ilianza mwaka 1994 tu, miaka 20 hivi baada ya Zanzibar. Kumwona mtu amekaa kwenye kiti anamhoji mkubwa bila kuinamisha kichwa kilikuwa kitu kigeni sebuleni kwetu.

Basi ndiye huyo aliyeambiwa si raia. Serikali ilisema ni suala la sheria na nyaraka. Wasomaji wake wengi wakasema ni suala la kalamu. Siwezi kuingia kwenye moyo wa mtu yeyote aliyesaini barua ile, na sihitaji. Ninachoweza ni kuiweka sheria mezani tuiangalie.

Sheria ya uraia ya mwaka 1961 iliweka hivi: ukiwa umezaliwa Tanganyika, na angalau mzazi wako mmoja naye kazaliwa Tanganyika, basi tarehe 9 Desemba 1961 uliamka raia bila kujaza fomu yoyote. Kama wazazi wako wote wawili walizaliwa nje, ulitakiwa kuomba. Kwenye karatasi inaeleweka. Lakini ichukue sheria hiyo uipeleke Ngara, Kigoma, Kyela, Tarime, Namanga, Newala. Wazazi wa watu wa huko walizaliwa kabla mpaka haujawa na maana yoyote kwao. Walivuka mto kwenda kuoa, kwenda msibani, kufuata ng'ombe. Cheti cha kuzaliwa cha bibi aliyezaliwa mwaka 1915 kiko wapi? Mtu wa Mlali haulizwi swali hilo kwa sababu mpaka uko mbali naye. Kwa hiyo uraia wa wengi wetu haujathibitishwa kuliko ule wa Jenerali. Sisi hatujaulizwa, basi.

Na hapo ndipo ubaya unapoanza. Sheria ambayo ingeweza kuwakuta maelfu inapomchagua mmoja, lazima tuulize kwa nini huyu na kwa nini leo. Mtu amekuwa mkuu wa wilaya, mbunge ameapa, hati ya kusafiria amepewa, na wote hao waliompa walikuwa na ofisi na mihuri. Nchi ilimjua vizuri alipokuwa anaitumikia, ikaanza kumsahau alipokuwa anaiuliza. Baadaye suala lilimalizwa kwa yeye kupewa uraia kwa maombi. Yaani aliombeshwa kile ambacho alikuwa amekiishi maisha yake yote.

Msidhani ni ya kwetu peke yetu. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Zambia ilitamka kwamba Kenneth Kaunda, aliyeiongoza nchi ile miaka 27 tangu bendera ipandishwe, si raia, kwa kuwa wazazi wake walitoka Malawi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikalifuta jambo hilo. Na hapa kwetu, Julai 2019, mwandishi Erick Kabendera alipochukuliwa na polisi nyumbani kwake Dar es Salaam, maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba uraia wake unachunguzwa. Alipofikishwa mahakamani siku chache baadaye mashtaka yakawa mengine kabisa: genge la uhalifu, kodi, utakatishaji wa fedha. Alikaa mahabusu mpaka Februari 2020. Katikati ya muda huo mama yake alifariki, na hakuruhusiwa kwenda kumzika. Naomba msibani pale tupakumbuke, nitarudi.

Uraia, kwa hiyo, ni silaha iliyo rahisi kuokota. Mtu akisema jambo linalouma una njia mbili. Ya kwanza ni kujibu alichosema: takwimu zako si kweli, hoja yako imepinda, ushahidi huu hapa. Hiyo ni kazi. Ya pili ni kuuliza baba yake alizaliwa wapi. Hiyo haihitaji kufikiri, na ina faida moja kubwa: ikifanikiwa, alichosema hakijibiwi kamwe.

Sasa hebu tushuke huku kwetu, maana ningekuwa naandika habari za wakubwa wa Dar es Salaam tu nisingejisumbua.

Mimi nakaa Mlali, wilaya ya Mvomero. Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, ukifika Sangasanga unaacha lami kuu unakata kushoto, milima ya Uluguru iko mbele yako kama ukuta. Huku chini tunalima nyanya. Kutoka juu, Mgeta na Nyandira, zinashuka kabeji, karoti, njegere na viazi. Siku ya magari utaona matenga yamepangwa barabarani, dalali anaongea na simu mbili, na wanunuzi kutoka Dar es Salaam na Dodoma wanajifanya hawana haraka. Kuna Waluguru wenyeji, kuna Wapogoro, Wakaguru, Wahehe, Wasukuma, Wachaga wenye maduka, Wamasai na Wabarbaig wenye mifugo kule tambarare. Mimi mwenyewe ni wa Singida. Nilikuja kufundisha shule ya msingi, nikaoa hapa, nikazaa hapa, na nyanya zangu zinaoza kwa bei mbaya pamoja na za wenzangu.

Kwa Waluguru ardhi inakwenda kwa upande wa mama. Ukoo ni wa mama, shamba ni la ukoo, na mwenye neno kubwa ni mjomba. Mwanaume aliyeoa analima, anapanda migomba, anajenga, lakini shamba la ukoo wa mke si lake, na watoto wake ni wa ukoo wa mama yao. Watu wa mikoa mingine wakisikia hayo wanashangaa, wengine wanacheka. Mimi naona ni shule nzuri, kwa sababu humfundisha kila mwanaume, hata Mluguru halisi aliyezaliwa bonde la pili, kwamba mahali anapolima na kulala yeye ni mgeni kwa namna fulani. Kwenye nyumba yake mwenyewe ni mtu wa kuja.

Pamoja na shule hiyo bado hatujafuzu. Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye mkutano katika kijiji kimoja cha ukanda huu, sitakitaja. Ajenda ilikuwa mchango wa kukarabati mfereji wa kumwagilia. Akasimama mama mmoja muuza chakula, mtu wa Mbeya kwa asili, miaka mingi yupo pale, akaomba mapato na matumizi ya mchango wa mwaka uliopita yasomwe kwanza. Ni swali la kawaida. Jibu likatoka meza kuu: "Mama, wewe ni wa kuja, mambo ya hapa waachie wenye kwao." Watu wakacheka. Mama akakaa. Nami nilikaa kama wengine, hesabu hazikusomwa, tukapitisha mchango mpya. Ukiangalia vizuri, walioshindwa siku ile ni wenye kwao. Pesa ambazo hazikuelezwa zilikuwa za kila mtu, na mdomo pekee uliokuwa umefunguka kuziuliza ulifungwa kwa ajili yao, huku wao wenyewe wakishangilia.

Kinachonishangaza ni kwamba sheria ya nchi hii, kwenye ngazi ya kijiji, ina busara kuliko sisi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji ni kila mkazi wa kawaida wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea. Mkazi. Haisemi mzaliwa wala mwenye kaburi la babu. Na Katiba, ukisoma taratibu, imetenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Ibara ya 18, inayohusu uhuru wa maoni, inaanza na "kila mtu". Ibara ya 21, inayohusu kushiriki katika kuongoza nchi, inasema "kila raia". Kuamua ni kwa raia. Kusema ni kwa mtu. Sijui kama kuna namna fupi zaidi ya kuliweka jambo hili.

Lakini si haki nikiishia hapo, kwa sababu wanaosema "huyu si wa hapa" hawana ubaya wote. Wana hoja, na hoja yenyewe ni hii: mgeni hana uchungu. Mambo yakiharibika yeye anapanda basi. Mwenyeji anabaki na matokeo. Kwa nini basi maneno ya mtu mwenye mlango wa nyuma yawe na uzito sawa na ya mtu aliyefungiwa ndani?

Hoja hii naiheshimu. Nimeona wachambuzi kwenye televisheni, weupe kwa weusi, wa humu na wa nje, wanaongea habari za wakulima kwa dakika arobaini na hakuna hata mmoja ambaye amewahi kumwaga tenga la nyanya kwa sababu gari halikuja. Ukiwasikiliza unapata hasira. Na milima hii ina kumbukumbu ya mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Wataalamu waliona mmomonyoko, wakaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko, kila mwenye nguvu kwa siku zilizopangwa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Lakini kwenye udongo wetu kuchimba vile kulileta juu ardhi isiyo na rutuba, na watu waliolima miteremko hiyo toka enzi za mabibi walilijua hilo. Hakuna aliyewasikiliza. Julai 1955 Matombo ikalipuka, mtu akauawa, na mpango ukafa. Je, hapo si mgeni asiye na uchungu aliyeleta balaa?

Ndiyo na hapana. Yule bwana shamba wa kikoloni hakuleta balaa kwa kusema. Angesema tu, wazee wangemsikiliza, wangembishia, wangechukua la maana wakaacha upuuzi. Aliwaumiza kwa sababu alikuwa na amri, na yeye haulizwi. Mgeni mwenye amri ni jambo moja, na mgeni mwenye neno ni jambo jingine. Tukiwachanganya hao wawili tunafanya kosa la ajabu: yule mwenye amri tunamtii, maana ana askari, halafu hasira zetu tunazimalizia kwa yule mwenye neno.

Tena ile hoja ya uchungu, tukiifuata mpaka mwisho, haimkati mgeni. Inamkata kila mtu mwenye mlango wa nyuma. Wapo wenyeji wa damu, makaburi ya babu zao yanaonekana kutoka barabarani, ambao watoto wao wanasoma nje, hospitali yao iko nje, na fedha yao iko hukohuko. Wapo wa kuja ambao kila walichonacho kimo ndani ya shamba la ekari moja pembeni ya mto Mlali. Nani hapo mwenye uchungu? Kipimo cha uchungu ni kile utakachopoteza, na cheti cha kuzaliwa hakikipimi. Kwa kipimo hicho mtu aliyeanzisha gazeti nchini humu, akaajiri watu humu, akawa na maadui humu, akaambiwa si wa humu na bado akakaa humu akaendelea kuandika, sijui tunataka atoe nini zaidi.

Kuna methali ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipokuwa anaeleza Ujamaa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye aliitumia kuonyesha kwamba kwa asili yetu kila mtu alifanya kazi, hakukuwa na mkaa bure. Mimi naona methali ile ina nusu ya pili ambayo hatuisemi. Ukishampa mtu jembe umemwingiza kwenye njaa yako na shibe yako. Mvua isiponyesha itamhusu. Mfereji ukiziba utamhusu. Sasa utamwambiaje kwamba mikono yake ni ya hapa lakini mdomo wake ni wa kwao? Tukimpa jembe tumpe na mdomo. Tukitaka anyamaze tumrudishe kwenye siku mbili za mwanzo, tumlishe, akae kitako. Hatuwezi kuchukua jasho tukaacha maneno.

Nilisema nitarudi msibani. Huku kwetu, kama sehemu nyingi za Tanzania, kuna utani. Koo zina watani wao, makabila yana watani wao. Mtu akifa ndugu wanalia, na kwa sababu wanalia hawawezi kusema. Basi anakuja mtani. Anakataa jeneza lisitoke mpaka alipwe, anavaa nguo za marehemu, anaigiza alivyokuwa anatembea akilewa, anataja deni ambalo marehemu hakulipa, anawachapa maneno wajomba waliogombania shamba hata kaburi halijachimbwa. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Na yale ambayo familia yote ilikuwa inayajua na hakuna aliyethubutu kuyatamka yanakuwa yametamkwa hadharani, na nyumba inapumua.

Swali la kujiuliza ni kwa nini wazee wetu walimpa kazi hiyo mtani, mtu wa nje ya ukoo. Kwa nini wasimpe kaka mkubwa, mwenye uchungu kuliko wote? Kwa sababu walijua kwamba uchungu unaziba. Aliye ndani anaogopa kumuumiza mama, anafikiria urithi, anaona haya. Wa nje hana urithi pale. Kutokuwa wa ukoo ule ndiko kunakompa kazi, na kama angekuwa wa ukoo asingeruhusiwa. Wazee hao hawakuwa wajinga. Walitenga nafasi rasmi kwa ajili ya mtu wa nje aseme ukweli, wakampa kinga ili asipigwe, na wakamlipa.

Mwandishi wa siasa, kwa maoni yangu, anakalia kiti cha mtani. Hata akiwa mzaliwa wa ikulu yenyewe, akianza kazi hii inambidi ahamie nje kidogo. Ndiyo maana namwelewa Jenerali kuliko wale wanaosema, "Huyu si alikuwa mkuu wa wilaya, huyu si alikula humohumo, leo anapiga kelele za nini?" Ni kweli aliwahi kuwa ndani. Na mimi naona kuwahi kuingia jikoni kunamsaidia mtu kujua sufuria gani lina moto. Tatizo lingekuwepo kama angeandika huku bado amekalia kiti. Alitoka, na baada ya hapo akasema. Wapo waliopita njia hiyo kwa upande wa pili. Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais mwaka ule wa 2001, alikuwa mhariri wa *The Nationalist* na *Uhuru*, kisha *Daily News*, kabla ya kuingia serikalini. Salva Rweyemamu, aliyekuwa pamoja na Jenerali kwenye *Rai*, baadaye alikwenda kusimamia mawasiliano ya Ikulu chini ya Jakaya Kikwete. Silaumu. Mtu ana haki ya kubadili kiti. Ila viti hivyo havifanani, na aliyehamia ndani asishangae tukiacha kumsikiliza kama mtani. Nafasi hiyo ameiacha.

Utani nao una masharti. Mtani hawezi kutukana tu akaondoka. Kwanza, maneno yake yanarudishwa: siku ya msiba kwake sisi nasi tutakwenda, na tutasema. Pili, anasema mbele ya watu, si kwa barua isiyo na jina. Tatu, hatumii ruhusa yake kuwasha moto wa kuua. Mchambuzi asiyetaka kubishiwa, anayemwaga maneno studio halafu simu za wasikilizaji zinakatwa, huyo si mtani. Huyo ni bwana shamba wa mwaka 1950 aliyebadili kofia.

Hilo la tatu nalisema kwa uzito, kwa sababu mkoa huu umeshalipia. Desemba 2000, miezi michache tu kabla ya tangazo lile la uraia, watu zaidi ya 30 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Walikuwa Watanzania wote, wa pande zote mbili. Lakini sikiliza lugha iliyokuwa inatumika na ambayo bado inatumika, kwenye vijiwe, kwenye mikutano, na samahani, kwenye baadhi ya vyombo vya habari: "wavamizi", "wahamiaji", "warudi kwao". Kwao wapi? Ng'ombe akila mahindi yangu nina kesi na mwenye ng'ombe, na alipwe faini hata leo. Lakini nikisema kosa lake ni kutokuwa wa hapa, hapo nimeacha kudai mahindi yangu. Nimeanza kudai aondolewe duniani. Neno ambalo ofisi ya serikali inalitumia taratibu, kwa muhuri na barua, dhidi ya mwandishi, ni lilelile ambalo bondeni linatumika kwa panga.

Tuseme na upande mwingine wa haki. Nchi hii hii imewahi kuwa na moyo mpana kuliko nyingi. Wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972, wakalima Katumba, Mishamo na Ulyankulu mpaka wakalisha na wenyeji, zaidi ya 160,000 kati yao walipewa uraia, na vyeti vikagawiwa mwaka 2014. Walipewa jembe, na baada ya miaka 40 wakapewa na mdomo. Kwa hiyo si kwamba hatuwezi. Tunaweza vizuri tu, ila tunakuwa wepesi zaidi pale ambapo anayepewa hajawahi kutuuliza swali gumu.

Msomaji ataniuliza: basi mgeni aseme lolote, hata juu ya mashamba ya ukoo? Hapo nami nina kizuizi changu. Shamba la ukoo wa mke wangu likigawanywa siwezi kudai sauti sawa na mjomba wake. Uamuzi si wangu. Lakini nikiona mpaka umesogezwa usiku, nina wajibu wa kusema nilichoona, na mjomba ana wajibu wa kunisikiliza kabla hajanikumbusha kwamba mimi ni Mnyaturu. Anaweza kunisikiliza kisha akaamua kinyume. Ni haki yake. Akinikatisha kabla sijamaliza, aliyepoteza ni ukoo wake, maana mpaka utabaki ulipo.

Kwa hiyo sidai kila anayesema asikilizwe kama nabii. Jenerali mwenyewe amebishiwa sana, na wengine waliombishia walikuwa na hoja nzuri. Ninachodai ni mpangilio wa maswali tu. Mtu akisimama, iwe studio ya Dar es Salaam au chini ya mwembe, swali la kwanza liwe: amesema nini, na je ni kweli? Likishajibiwa, kama bado tuna muda na tuna hamu, tuulize kwao ni wapi. Mara nyingi nadhani tutakuta hatuna hamu tena, kwa sababu tutakuwa tumeanza kutafuta daftari la mapato na matumizi.